Seti ya sola wati 50: paneli safi, betri safi, nyaya ndo shida

Wadau naleta uzoefu wangu wa seti ya sola ya wati 50, ile inayokuja na betri ya volti 12, kontrola ya ampia 10 (kile kidude kinachosimamia chaji inayoingia kwenye betri), taa na nyaya zake zote ndani ya boksi. Tunaitumia kijijini huku pwani ya Kilwa, gridi haijatufikia, kazi yake taa, redio na kuchaji simu.

Paneli naisifia kabisa. Jua la utosi nikiipima peke yake inatoa volti 21 na ushee, ampia karibu 3, ndo inavyotakiwa. Shida ilianza baada ya masika, taa zinazima saa tatu usiku wakati mchana kutwa kontrola inaandika 14.4, yaani chaji imejaa. Fundi alikuja akasema betri imekufa nunua nyingine. Betri sio hela ndogo jamani, nikasema kwanza tupime.

Nikachukua mita ya kupimia umeme, zile ndogo za njano za bei rahisi, jua kali chaji inaingia. Kwenye kontrola 14.4, kwenye tamino za betri zenyewe (vile vichwa vya chanya na hasi) 12.9! Volti 1.5 nzima inapotelea kwenye waya usiofika hata mita mbili. Sasa ukitaka kujua ni upande gani, unapima waya huohuo mmoja, ncha moja ya mita kwenye skrubu ya kontrola, nyingine kwenye tamino ya betri, waya usio na shida unatakiwa usome karibu na sifuri. Hasi ikasoma 0.2, chanya 1.3. Nikavua tepu pale chanya ilipobanwa, unga wa kijani na mweupe ukapukutikia vidoleni, nikaukwangua waya kwa kisu mbele kidogo ndani mweupe, aluminiamu imepakwa kopa (shaba) kwa juu tu!! Na hii hewa ya chumvi waya wa hivyo haukai.

Mafundi wengi wanapotea kwa sababu wanapima wakati umeme haupiti. Maungio yenye kutu yatakusomea volti zote kama mazima, ampia zikianza kupita ndo volti zinadondoka, na kontrola nayo inaona 14.4 yake hapo ilipo inapunguza chaji huku betri haijapata kitu.

Nimeweka waya wa kopa halisi wa milimita za mraba 4, vibanio vipya vya tamino, juu nikapaka grisi. Tofauti sasa haifiki hata 0.1 na taa zinafika asubuhi, betri ileile iliyoambiwa imekufa.

Kinachoniudhi zaidi kwenye boksi hakuna fyuzi, hata ya ampia 15 pale karibu na chanya ya betri, waya ukigusana nyumba inaungua, hili waliouza wanatakiwa walirekebishe. Na mkifungua nyaya anzeni kutoa paneli ndo betri, kurudisha betri inatangulia. Mita ikiwa kwenye tundu la 10A msiiguse kabisa kwenye betri, tundu lile kwenye mita nyingi za bei rahisi halina fyuzi.

Seti nitainunua tena kwa ajili ya paneli na betri. Nyaya zake wekeni kwenye taa tu, ya kontrola kwenda betri nunueni dukani kwa mita, na mkwangue ncha muone rangi ya ndani kabla hamjalipa.