Gereji iliyotaka kushusha hedi ya gari langu bila sababu, Nakuru

Naandika nikiwa na hasira na singoji zitulie. Ni gereji moja hapa Nakuru, yenye sifa kweli, na watu watatu tofauti ndio walionielekeza huko.

Gari lilinichemkia kwenye mlima wa Salgaa nikienda Kisumu. Mnaijua ile barabara: ukinaswa nyuma ya trela pale Sachangwan unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili hadi uchoke. Mshale wa joto ukagonga nyekundu. Nikaegesha, nikazima, nikangoja rejeta ipoe kabisa ndipo nikafungua kifuniko. Maji yalikuwa yamepungua kidogo tu. Nikaongeza, nikageuza, na kuteremka kote hadi mjini mshale ulitulia katikati.

Hayo ndiyo niliyomweleza msimamizi: likienda kasi halina neno, likienda polepole au likisimama kwenye foleni linachemka. Fundi akisikia hivyo anaanza na feni, maana kwenye mwendo upepo wa barabarani unapoza rejeta. Mwendo ukipungua kazi yote ni ya feni. Nilitaka pia apime kifuniko, kwa sababu huku milimani maji huchemka hata kabla ya nyuzi 100 kama kifuniko hakishiki presha.

Hakuniacha nimalize. "Mama, kazi yako ni kuendesha. Injini niachie mimi." Kisha akamgeukia mpwa wangu, kijana aliyenisindikiza tu na hata leseni hana, akamweleza yeye kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na injini yenyewe, imeungua, hedi ishushwe, ipelekwe kwa mashine. Shilingi 45,000.

Gasketi gani? Kijiti cha oili alikichomoa mbele yangu: oili safi, haina rangi ya maziwa kama iliyoingiliwa na maji. Moshi mweupe hakuna. Mapovu kwenye rejeta hakuna. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu kwamba kama simwamini, nivute gari langu nitoke.

Na wakati huo alikuwa ameshang'oa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, eti hiyo ni ya nchi za baridi. Asubuhi za Nakuru hazijui? Bila themostati injini inachelewa kupata joto na inakunywa petroli. Ni kweli ikikwama imefungwa gari litachemka, lakini unaitia kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka. Hakuipima.

Alipoenda kula, kijana mmoja anayejifunza kazi pale akaniambia, "Mama, ngoja kidogo." Akachomoa plagi ya feni, akaniwekea kiganjani. Plastiki imekuwa kahawia, pini moja imeyeyuka na kuinama, na harufu ya kuungua bado ipo. Akaunga waya mbili moja kwa moja kutoka kwa betri, feni ikazunguka. Feni nzima! Akafunga plagi nyingine, akawasha injini, tukasimama tukitazama mshale mpaka feni ikajiwasha yenyewe. Nilifurahi hadi nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Kwa huyo kijana peke yake nilikuwa tayari kuwaambia nendeni, ila muulizieni yeye.

Lakini msimamizi akarudi. Alimfokea yule mtoto mbele ya wateja kwa kugusa gari bila ruhusa. Kisha akanidai 3,500 za "kutafuta shida", shida ambayo hakuitafuta. Nililipa ili anipe funguo.

Kwa hiyo hapana, msiende, hata kwa ajili ya kijana. Akihama nitamfuata huko aliko. Juzi nimepanda Mau Summit nyuma ya matrela, mshale haukusogea, na hedi haijaguswa na mtu.

Themostati nimelazimika kununua nyingine, kwa sababu nilipoiulizia yangu aliniambia imetupwa. Msimamizi, ukisoma haya: nilikuja nayo, ni mali yangu. Nirudishie, au unilipe.