Kabla hujalipia meli ya kitalii, uliza juu ya chumba chako kuna nini

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri mama aliketi kitandani, akanyoosha kidole darini, akaniuliza, "Mwanangu, hao wa juu wanahama?"

Krrr. Kimya kidogo. Krrr tena. Ungedhani mtu anaburuza kabati la mninga kwenye sakafu ya saruji. Kumbe ni wafanyakazi wanapanga viti vya kulalia kando ya bwawa la kuogelea, na bwawa lenyewe liko juu ya vichwa vyetu. Ikawa hivyo kila alfajiri kwa siku saba. Usiku nao ulikuwa wa muziki mpaka saa saba. Mama alirudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka, na mimi nilikuwa nimedunduliza miaka miwili kumpeleka Cozumel, kisiwa cha Mexico.

Kampuni siitaji. Tulipandia Florida, na kosa la kwanza lilikuwa langu: nilinunua chumba cha "guarantee". Maana yake, unalipia aina ya chumba (cha ndani, cha dirisha au cha roshani), halafu namba wanakupangia wao wakati wowote wanaotaka kabla ya safari. Neno lenyewe tamu, utafikiri umehakikishiwa kitu. Ulichohakikishiwa ni kwamba hutalala koridoni.

Tangu hapo, kila mtu wetu hapa Houston anayeniuliza achukue meli gani kutoka Galveston, bandari yetu ya karibu hapa Texas, namjibu kwa swali: juu ya chumba chako kuna nini? Chakula siongelei, kipo kila meli mpaka utakikimbia. Michezo ya watoto na maonyesho ya usiku vivyo hivyo. Ramani ya meli ndiyo kitu ambacho hakuna anayeifungua, nayo iko wazi kwenye tovuti ya kila kampuni, sitaha moja moja.

Isome hivi. Tafuta namba ya chumba, kisha fungua sitaha ya juu yake na ya chini yake, uzilinganishe. Vyumba juu, vyumba chini: lipia ulale. Ukiona bwawa, bafe, ukumbi wa disko au uwanja wa mpira, achana nacho hata kama kina bei ya karanga. Sehemu zilizoachwa nyeupe bila maandishi nazo usiziamini. Mara nyingi ni jiko au njia za wafanyakazi, na mikokoteni hupita humo usiku kucha. Vyumba vya mbele kabisa kwenye sitaha za chini vinapata kelele za nanga, pamoja na za zile mashine za ubavuni zinazosukuma meli gatini alfajiri, kitanda kikatetemeka kama daladala mbovu. Halafu kuna alama ndogo kwenye ramani inayoonyesha mlango unaounganisha vyumba viwili. Mlango huo ukifungwa hauzuii sauti. Utajua jirani anamgombeza nani na kwa nini.

Sasa kampuni, na nianze na ninayoipenda. Royal Caribbean, sifichi. Gati yao ya Galveston ilifunguliwa Novemba 2022 na Allure of the Seas, na meli za kundi lake, liitwalo Oasis, zimejengwa kama mji: katikati kuna bustani ya miti halisi isiyo na paa, na vyumba vinaitazama. Ninachokipenda zaidi ni kwamba sitaha za 9 mpaka 12 ziko kati ya vyumba na vyumba. Ya 13 haipo kabisa, wameiruka. Ya 14 iko chini ya bwawa la sitaha ya 15, kwa hiyo hata wakikupa bure ikatae. Vyumba vinavyotazama nyuma, upande wa ukumbi wa maji, vinasikia vishindo vya maonyesho, lakini saa za maonyesho zinajulikana. Viti vya alfajiri havina ratiba.

Bei ya Royal iko juu, nakubali, na bakshishi wanayokukata wenyewe si mchezo. Novemba 2023 waliipandisha hadi dola 18 kwa mtu kwa siku kwenye vyumba vya kawaida. Piga hesabu: watu wawili, usiku saba, dola 252, na hujanunua hata soda.

Ya pili naiweka Carnival. Wana Carnival Jubilee hapo Galveston tangu Desemba 2023, wachangamfu, hawana maringo. Kwao bwawa na bafe vinakaa sitaha ya Lido, basi sitaha ya chini ya Lido iepuke kama deni. Kifurushi chao cha vinywaji kina kikomo cha pombe 15 kwa siku, na mmoja chumbani akikinunua, watu wazima wote wa chumba hicho lazima wanunue. Royal nao wana sharti hilo la kununua wote. Mimi na mama yangu tunakunywa chai, kwa hiyo ofa yoyote iliyojengwa juu ya pombe kwetu ni kelele nyingine tu.

Norwegian ni ya tatu, na ingekuwa ya mwisho kama si wanaosafiri peke yao. Meli hizi zinauza bei ya "kila mtu, wawili chumbani". Ukienda mwenyewe mara nyingi unalipa nafasi ya mwenzio asiyekuwepo. Norwegian ndio waliotoa vyumba vidogo vya mtu mmoja kwenye Norwegian Epic mwaka 2010. Ila tangu Januari 2023 bakshishi yao ya kawaida ni dola 20 kwa siku. Vinywaji wanavyoviita vya bure vinakuja na asilimia 20 ya huduma, inayokokotolewa juu ya bei ya kifurushi ambacho, eti, hukukilipia.

MSC ni rahisi. Bei yao ya chini inaitwa Bella, na kwenye Bella huchagui chumba. Nimemaliza.

Kuhusu ofa, zinamiminika Januari mpaka Machi, msimu ambao kampuni zote hutafuta wateja kwa pamoja. "Asilimia 60 kwa mgeni wa pili" ni asilimia 30 kwa kila mmoja wenu. Wameandika namba kubwa kwa sababu inasomeka vizuri. "Watoto bure" ina ada za bandari na kodi pale pale, na wiki za likizo za shule mara nyingi hazimo, yaani wiki pekee ambazo mwenye watoto anaweza kusafiri! Walau sheria ya California ya Julai 2024 ilizisukuma kampuni kubwa kuonyesha bei ikiwa na kodi na ada za bandari, wakaona bora wafanye hivyo Marekani nzima. Bakshishi bado iko nje.

Na mawakala wetu, jamani. Wangu alinitumia ujumbe WhatsApp: "Dada, vimebaki viwili, chukua sasa hivi." Nikachukua. Wiki mbili baadaye vyumba bado vilikuwa tele, tena bei imeshuka. Nikapiga simu kwenye kampuni. Wakaniambia kwa upole kwamba aliyenunua kupitia wakala aongee na wakala. Wakala yuko Tanga kwenye harusi, simu imezimwa. Alipoiwasha, tarehe ya malipo ya mwisho imeshapita na punguzo limepita nayo. Hiyo tarehe iandike ukutani. Royal ni siku 90 kabla ya safari za usiku tano na zaidi, 75 kwa fupi. Kabla ya hapo bei ikishuka unapiga simu wanakurekebishia, ilimradi ofa mpya inakuhusu. Safari hii nimenunua mwenyewe moja kwa moja, na kila Jumanne naangalia. Imeshashuka mara moja, dola 140 kwa mtu, nami nikazipata.

Juzi Royal wameniletea barua pepe ya RoyalUp, mnada wao wa vyumba: taja kiasi, ukishinda wanakuhamishia chumba cha daraja la juu. Kilichoandikwa kwa herufi ndogo ni kwamba ukishinda, namba ya chumba wanachagua wao. Nilikuwa nimeifungua mezani, mama akaja nyuma yangu na kikombe chake, akaangalia zile picha.

"Tulichokipata sisi, juu yake kuna nini?"

"Chumba, mama."

"Na juu ya hicho wanachokuonyesha?"

Nikaifuta.