TAHADHARI: huyu fundi wa "dawa ya unyevu" anayezunguka Tabata hadi Kinyerezi ni tapeli

Ndugu zangu wenye nyumba huku Tabata, Segerea, Kinyerezi, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa anapita mitaani na pikipiki, nyuma kafunga madumu mawili ya lita 20 hayana lebo yoyote, na drili, anasema anauza dawa ya kumaliza unyevu ukutani. Mimi kanipiga 850,000, na jirani wa mtaa wa nyuma naye kalizwa hivyohivyo.

Alikuja Februari. Chumba cha bi mkubwa ukuta wa nyuma ulikuwa na ule mstari wa unyevu, kama nusu mita kutoka chini, rangi imevimba, chumvi nyeupe inadondoka sakafuni kama unga. Akaangalia dakika 5, akasema ukuta umeoza kwa ndani, atatoboa matundu apige dawa halafu apake na juu, garantii miaka 10. Nusu nikamtumia kwa simu siku ileile, nusu alipomaliza. Risiti kaandika kwenye karatasi ya daftari. Na muda wote huo hajazunguka nyuma ya nyumba hata mara moja, hapo ndo ningeshtuka.

Sasa mchezo wake ndo huu: anakuja kiangazi. Jua la Januari na Februari hapa Dar linakausha ukuta lenyewe, hata angepaka maji ya bomba pangekauka, wewe unaona pamekuwa pazuri unamlipa na unampa namba za ndugu zako wawili watatu. Masika ilipoanza haikupita wiki, ile dawa ikavimba malengelenge, nikabonyeza moja kwa kidole likapasuka maji yakatiririka na plasta ikaja nayo. Na unyevu ulikuwa umepanda juu kuliko mwanzo, maana kaziba chini maji yakatafuta pa kutokea. Godoro la bi mkubwa kwa nyuma limeota ukungu, na mama ana pumu, usiku ule hakulala. Simu ya jamaa haipatikani mpaka leo.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja fundi ujenzi wa hapahapa mtaani. Hakugusa ukuta. Aliomba ndoo ya maji, akazunguka nyuma, akamwaga kama mita moja kutoka kwenye nyumba, tukasimama tunaangalia. Maji yote yakarudi ukutani. Kumbe tulipomwaga kifusi na kupanga pevingi, ardhi ya nje ilipanda ikapita usawa wa sakafu, ikafunika ile nailoni ya DPC inayowekwa juu ya msingi ili maji yasipande kwenye tofali, halafu gata nayo inamwagia palepale kwenye kona. Hapo upake ndani dawa ya aina gani ishinde?

Tumetoa pevingi za nyuma, tukashusha udongo mpaka sentimita 15 chini ya nailoni, slopu tukaielekeza mbali na nyumba, sentimita 5 kwa kila mita. Kisha tukachimba mfereji, tukatandika kitambaa cha kuchuja udongo, bomba lenye matundu na kokoto, unashuka taratibu hadi mtaro wa barabarani (sio kwa jirani jamani, huko mnaanzisha kesi nyingine). Maji ya gata tumeyapa bomba lake zima lisilo na matundu. Vifaa na vibarua jumla 620,000, yaani chini ya zile alizoondoka nazo. Mvua kubwa mbili zimeshapita na chini ya ukuta hakujaingia maji mapya. Plasta ya ndani tumebandua na hatujapiga nyingine, mzee kasema tofali ziachwe zikauke kwanza hata miezi kadhaa, ukiwahi kupiga rangi inavimba tena.

Polisi nimeripoti, RB ninayo, na serikali ya mtaa wana taarifa. Kama na wewe kakupiga nenda kafungue yako, kesi moja ya laki nane inalala kirahisi. Kama umeshatoa advansi usimalizie, mwambie kwanza atoke nje mmwage ndoo ya maji nyuma ya nyumba. Laini anabadilisha kila mara kwahiyo msiangalie namba, angalieni yale madumu yasiyo na lebo.