Mvinyo wa Constantia ni mzuri, lakini yule dada wa kuonjesha amenichefua

Nianze na haki yake: Sauvignon Blanc ya bonde la Constantia, kule Cape Town, ni mvinyo mweupe mzuri kweli. Ukinusa unapata pesheni na majani yaliyokatwa sasa hivi, na ukimeza unabaki na ukali ule wa embe bichi lenye chumvi. Upepo wa bahari kutoka False Bay ndio unaoyapooza mashamba yale, zabibu zikaiva taratibu bila kupoteza ukali wake. Kwa mvinyo peke yake ningetoa nyota tano na kwenda zangu.

Sasa huduma. Shamba lenyewe silitaji. Ilikuwa mwaka jana, mwanzoni mwanzoni, tumekaa meza ya kuonjea mimi na shemeji yangu. Dada aliyetuhudumia akaanza kutiririka: 1685 Simon van der Stel, mtawala wa Kidachi wa koloni la Cape, kapewa ardhi, 1778 Hendrik Cloete kanunua shamba la Groot Constantia, Napoleon wa Ufaransa akiwa uhamishoni kisiwa cha St Helena akiletewa mvinyo mtamu wa bonde hili. Napoleon, Napoleon, Napoleon. Nikauliza kwa adabu kabisa: mizabibu hii aliipanda nani?

"Familia," akajibu.

Nikamwambia, dada, familia hazikushika jembe. Cape waliletwa watumwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na Indonesia, na ndio waliolima na kuvuna zabibu hizi. Akanikata kauli: "Hapa tunazungumzia mvinyo, si siasa." Kisha akageukia meza ya jirani akawaomba radhi wale wageni kwa usumbufu wangu, na glasi yangu akaiondoa ikiwa bado na mvinyo ndani!

Usumbufu? Mtu wa Mtwara akivuka Ruvuma anawakuta ndugu zake Msumbiji. Hao ni watu wa pwani yetu, mimi nikiulizia habari zao nimesumbua nini? Tena pale uani kuna kengele kubwa imening'inizwa kati ya nguzo mbili zilizopakwa chokaa. Kengele za namna hiyo katika mashamba ya Cape ndizo zilizowaita watumwa kazini alfajiri. Yeye alituonyesha kama mahali pazuri pa kupigia picha.

Na huyo van der Stel wanayemtukuza, bibi yake mzaa mama alikuwa mtumwa kutoka India. Hiyo nayo ni siasa? Utumwa ulifutwa Cape 1834, lakini watu wakalazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale hadi 1838. Na miaka mingi baadaye vibarua wa mizabibu waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, ulevi ukazivuruga familia zao. Ukiuza historia, uza yote.

Nilikuwa nimeamua kutoa nyota moja. Ila chupa niliyokuwa nimeshailipia kabla ya ugomvi tumeifungua nyumbani, na changu wa kuchoma na ndimu, na siwezi kuusingizia mvinyo ubaya ambao haunao. Shemeji alimaliza glasi yake akaongeza bila kuniuliza. Isitoshe, waliochuma zabibu hizo ni vibarua wa leo, na wao hawajanikosea kitu. Basi nyota tatu. Hapana, mvinyo nne, na huduma sitoi hata nusu.

Anayekwenda Cape Town aanzie jumba la makumbusho la Groot Constantia, kule habari za watumwa zinaelezwa, ndipo aende kuonja akijua anakunywa jasho la nani. Wenye shamba nililokwenda mimi, mfundisheni yule dada au mumtoe mezani. Nikitaka chupa nyingine ya Constantia nitainunua dukani.