Fundi baiskeli wa Ngamiani, nampa nyota tano

Wenzangu wa Tanga mnaoendesha baiskeli, na hapa kwetu nani haendeshi, kuna fundi mmoja Ngamiani kwenye zile barabara za namba, ni dada, nimeona niandike maana watu wanampita.

Mie mwenyewe nilimpita. Nimefika na baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba, namkuta kakaa kwenye kigoda, ushungi kichwani, khanga kiunoni, mikono imejaa grisi, na bado namuuliza fundi yuko wapi. Akanambia "ndo mie kaka, ina nini?" Wala hakununa. Aibu ninayo mpaka leo.

Baiskeli sasa hivi ni ya binti yangu, ana miaka 12, anaendea shule. Wenzie wanaiita punda, wanamtolea upepo matairi, siku moja wakalikanyaga gurudumu la nyuma likapinda na spoku tatu zikakatika. Mtoto akawa ananiomba niiuze, hataki tena kuonekana nayo.

Sasa kazi yenyewe. Mafundi niliowazoea rimu ikipinda wanagonga nyundo basi, wiki mbili inayumba tena. Huyu kaipindua baiskeli ikakaa kwa siti na usukani, anazungusha gurudumu huku kashika chaki karibu na rimu, pale panapotoka nje panajipaka chaki, hapo anakaza spoku za upande wa pili kidogo tu, robo mzunguko, analegeza za upande huu, anazungusha tena. Saa nzima hivyo. Spoku zingine zilishaliwa na kutu, si mnaijua chumvi ya bahari yetu, kazibadilisha kabla hazijakatika na kila moja kanionyesha. Na gololi mpya na grisi, jumla elfu nane.

Katikati ya kazi kaja baba mmoja na pancha, anamuuliza binti yangu "baba yako fundi katoka?" Vijana wa kijiweni wakacheka, mmoja akapiga kelele mama nenda kapike. Damu ilinichemka mie. Dada hata kichwa hakuinua, mkono unaendelea. Binti akamuuliza mbona huwajibu, akasema "nikimjibu kila mmoja hizi gololi ntazipanga saa ngapi mwanangu?" Halafu akampa spana, akaze nati ya mwisho mwenyewe. Baadae nikasikia kuna waliomshauri amuweke mwanaume mbele yeye afanye kazi kwa nyuma ili wateja waongezeke, kakataa, na walivyomwambia avae suruali aonekane fundi kakataa pia. Khanga ile ile.

Kasoro zipo. Yuko taratibu, mwenye haraka atachoka, na benchi hana, kivuli ni cha mwarobaini ambacho kufika saa nane kishahama, tumeungua jua.

Ila wiki ya tatu hii gurudumu limenyooka, tumeenda nayo mpaka mapango ya Amboni, kama kilomita 8 toka mjini, na kurudi, haijayumba hata kidogo. Binti hataki tena iuzwe. Shuleni bado wanaiita punda na yeye anaipanda hivyo hivyo, sikuhizi anatembea na spana kwenye mkoba.

Ijumaa anafunga mapema. Ukifika ukamkuta dada wa khanga na ushungi kwenye kigoda, mkabidhi baiskeli moja kwa moja, ndo yeye.