Kontakti za stata ya Hilux: nunua, ila hakikisha kwanza ugonjwa uko kwenye stata

Stata kukataa kuachia ni ugonjwa unaojulikana sana kwenye Hilux za zamani za dizeli, zile za injini ya 2L, 3L na 5L ambazo bado zinabeba maziwa Njoro, viazi Molo na mizigo ya kila aina Kisumu. Unawasha, injini inashika, unaachilia ufunguo, lakini chini bado kunalia. Mbaya zaidi, unazima kabisa na stata inaendelea kuzungusha injini. Wengi wakifika dukani huambiwa wanunue stata nzima. Mara nyingi kinachohitajika ni kontakti, yaani vipande viwili vya shaba vinavyopitisha umeme wa stata, pamoja na planja yake, kile chuma chenye diski kinachovigusa, na hiyo ndiyo bidhaa tunayoipima hapa: seti ya kontakti za stata ya Denso inayopatikana kwenye maduka ya spea Nakuru na Kisumu.

Kwa maoni yangu hii ndiyo spea yenye faida kubwa kuliko zote unazoweza kuinunulia stata hiyo. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na stata, na fundi mwenye mkono mzuri anamaliza kazi asubuhi moja. Lakini haitasaidia kitu kama umeme unaoshikilia stata unatoka kwingine, na haitadumu kama betri na waya zako ni dhaifu.

Stata ikikataa kuachia, zima injini kwanza, kisha toa hasi ya betri upesi kwa spana namba 10, uso ukiwa mbali kwa sababu cheche karibu na betri iliyochemka ni hatari. Usitoe betri injini ikinguruma. Altaneta, inayochaji betri, ikiipoteza betri ghafla, volti hupanda na daiodi zake hufa. Usikae ukitafuta kosa huku stata inazunguka pia. Stata haikuundwa kufanya kazi mfululizo, na kinachoungua kwanza ni brashi na amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka.

Kipimo cha kutenganisha mambo ni rahisi. Betri ikiwa bado imetolewa, chomoa waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, ambamo kontakti na planja hukaa), ule wa teminali 50 unaoleta umeme kutoka kwa ufunguo. Weka gia nyutro, vuta hendibreki, ufunguo uwe umezimwa, halafu gusisha hasi ya betri. Stata ikizunguka huku ule waya uko nje, kosa liko ndani ya solenoidi. Ikinyamaza, usikimbilie kusema ni swichi: kontakti zilizoshikana kidogo huachia zenyewe zikitikiswa. Weka mita au testa kati ya waya uliochomoa na bodi ya gari. Ufunguo ukiwa ON inapaswa kusoma sufuri, ukipeleka START isome karibu volti 12, na ukiachilia irudi sufuri papo hapo.

Volti zikibaki, rudisha ufunguo nyuma kwa mkono. Zikikatika, springi ya kitasa cha ufunguo imechoka au imejaa vumbi. Zisipokatika, chomoa plagi ya swichi chini ya usukani. Zikikatika hapo, badilisha swichi ya umeme iliyo nyuma ya kitasa. Inauzwa peke yake, huhitaji kubadilisha kitasa na ufunguo. Zikiendelea, toa rilei (swichi ndogo ya umeme) ya stata kama gari lako linayo, kisha angalia alamu na kata-auti, ile swichi ya kuzuia wizi. Hapa ndipo pikapu nyingi za kwetu huwatesa mafundi. Waya wa stata umekatwa chini ya dashibodi, ukapitishwa kwenye karilei kadogo ka alamu na kuzungushiwa selotepu tu. Karilei hako kakiungua kakashika, stata mpya haitabadilisha chochote.

Sasa dukani. Nenda na kontakti zako za zamani na planja mkononi, usiende na jina la gari tu. Denso ilitengeneza stata za nguvu tofauti, na umbo la kontakti, tundu la bolti na urefu wa planja hutofautiana. Weka mpya juu ya ya zamani ulinganishe kila kona. Pia beba sumaku ndogo. Shaba haivutwi na sumaku. Kipande kikivutwa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kitaungua haraka. Angalia unene vilevile. Seti nzuri ina vipande vinene vyenye uso bapa, na diski ya planja haina mawimbi pembeni. Baadhi ya maduka huuza kontakti peke yake bila planja. Ukiona diski yako imechimbika, kubadilisha kontakti tu ni kazi nusu, kwa kuwa diski yenye mashimo hugusa sehemu ndogo, umeme wote hupita hapo, na hapo ndipo shaba huyeyuka na kushikana tena.

Kufunga ni kazi ya utulivu. Stata ikishatoka kwenye gari na kusafishwa nje, fungua bolti tatu ndogo za kifuniko cha solenoidi kwa spana namba 8. Vuta planja pamoja na springi yake. Kontakti mbili utaziona zimeshikwa na nati za teminali, moja ya betri na moja ya mota, na ile ya betri ndiyo huliwa zaidi. Kabla hujalegeza chochote piga picha kwa simu: washa (ringi bapa) za kuzuia umeme, bushi ya plastiki na ringi ya mpira lazima zirudi kwa mpangilio uleule. Washa ya plastiki ikisahaulika upande wa betri, bolti itagusa bodi ya stata na waya mnene utawaka moto mara tu ukirudisha betri.

Sehemu inayoharibu kazi nyingi ni kukaza. Nati ikikazwa, kontakti huzunguka kidogo na moja hukaa juu kuliko nyingine. Diski ikifika hugusa moja kwanza, cheche huruka, na baada ya muda umerudi ulipoanzia. Dawa yake ni kurudisha planja ndani, kuibonyeza kwa kidole gumba ikandamize kontakti zote mbili, halafu kukaza taratibu kwa spana fupi. Paka diski wino wa kalamu nene, ibonyeze, uitoe uangalie: alama mbili zilizo sawa ndizo zinazotakiwa. Njia ya planja isafishe na uiache kavu. Grisi nyingi humo, na vumbi la barabara zetu, hugeuka gundi inayozuia planja kurudi.

Kabla ya kurudisha kwenye gari, jaribu mezani. Legeza nati ya teminali ya mota na uondoe waya wa mota. Unganisha hasi ya betri kwenye bodi ya stata na pia kwenye teminali ya mota, kisha chanya kwenye teminali 50. Bendeksi, ile gia ndogo inayozungusha injini, inapaswa kuruka nje. Ondoa hasi kwenye teminali ya mota. Bendeksi ibaki nje. Ondoa hasi kwenye bodi. Irudi ndani mara moja. Kila jaribio lisizidi sekunde 3 hadi 5, kwa sababu koili (nyaya za sumaku) za solenoidi huungua. Bendeksi ikisita kurudi, tafuta springi dhaifu, uchafu au shafti iliyopinda. Solenoidi ikiendelea kushikilia hata baada ya kufungwa kwenye gari ikiwa na kontakti mpya, huenda koili zake zimeshikana ndani. Hapo seti hii haikufai tena, tafuta solenoidi nzima.

Mtu akibadilisha kontakti bila kupima betri, tatizo huwa linarudi. Solenoidi inahitaji volti za kutosha ili kubana diski kwa nguvu. Zikishuka, diski hutetemeka, na kila mtetemo ni cheche mpya. Betri iliyotulia isome karibu 12.6. Wakati wa kuzungusha injini isishuke chini ya 9.6. Pima pia waya wenyewe stata ikizunguka: kutoka nguzo ya chanya ya betri hadi teminali ya betri kwenye stata isizidi nusu volti, na kutoka bodi ya injini hadi hasi ya betri isizidi robo hivi. Ikizidi, fungua waya wa athi (ule wa hasi unaokwenda kwenye bodi), kwangua kutu, ukaze upya. Huku Molo na Mau Summit, ambako asubuhi ni baridi, plagi za joto zilizokufa hulazimisha kuzungusha stata muda mrefu, na kontakti ndizo zinazolipa. Magari ya Ahero na uwanda wa Kano yana shida nyingine, maji na tope jeusi vinavyoingia kwenye bendeksi. Hayo yasafishwe na kukaushwa kila baada ya mafuriko.

Stata iliyotumika kutoka Japan, inayotumwa kwa parseli kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, au kupatikana hapa mjini, ni chaguo zuri ikiwa mwili wa stata yako umepasuka au amecha imeungua. Lakini nayo huja na kontakti zake za zamani, kwa hiyo ifunguliwe kabla ya kulipiwa, na muuzaji akikataa isifunguliwe, achana nayo. Stata mpya za bei nafuu siziungi mkono kwa dizeli ya lita 2.8. Nyingi zinazunguka vizuri mezani na kuchoka mapema zikikutana na injini yenye kompresheni kubwa.

Wenye pikapu za Isuzu TFR wasinunue seti hii. Stata zao mara nyingi ni za Hitachi, ambazo solenoidi hukaa juu kama kipande cha peke yake na kusukuma bendeksi kwa uma. Hapo badilisha solenoidi nzima, na dukani linganisha ndoano ya planja na umbali wa bolti zake mbili kabla ya kutoa pesa.