TAHADHARI: Nimeuziwa rimu zilizochomelewa Ilala, nusura nimpoteze mama yangu barabarani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na aibu, kwa hiyo mnivumilie. Siku tano nimekaa kimya. Mnaonifahamu mnajua mimi ndiye mnayempigia simu mkitaka gari likaguliwe kabla hamjatoa hela, na ndiye niliyemzuia shemeji asichukue ile Noah. Mimi huyohuyo nimeuziwa takataka mchana kweupe kwa Sh 1,450,000, nikashukuru, na vijana wa duka nikawapa hela ya soda.

Mambo ya harusi ya mdogo wangu mnayajua, sirudii. Gari langu, Toyota Allion, lilikuwa liende Morogoro na mama ndani, nikataka liende likiwa limependeza. Lilikuwa na rimu zilezile lililotoka nazo Japani, inchi 15, matairi 195/65R15 yanaanza kuisha. Nikaamua kupanda hadi 17 nivalishe 205/50R17. Hesabu nilipiga mwenyewe nyumbani: kipenyo cha gurudumu zima la zamani ni kama milimita 634, la hilo jipya 637, hivyo spidomita haidanganyi na tairi halisagi bodi. Nilijua gari langu linataka 5x100, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Nilijua pia kwamba hizo ni za kutafuta, maana nyingi za matundu matano zinazozagaa mjini ni 5x114.3. Nayasema haya ili mtu asidhani nilikwenda kichwakichwa.

Jumamosi ile, saa tano asubuhi, niko Ilala. Jina la duka silitaji, suala liko polisi na nimeshauriwa hivyo. Winga, yaani dalali wa kuvutia wateja dukani, alinidaka hata gari sijazima. Kijana msafi, shati limechomekewa, anaongea polepole. Nilikuwa kwenye simu na mama, na nilipokata tu akanisalimia Kisambaa. Jamani. Ni lini mara ya mwisho mtu nisiyemjua kunisalimia Kisambaa katikati ya Dar? Akauliza kwetu wapi, nikasema Lushoto, akataja Soni, akataja Mlalo, akasema na mama yake yuko huko, miguu inamsumbua. Tukasimama pale kama dakika kumi tunazungumza habari za miguu ya mama zetu. Mpaka leo sijui kama hata huyo mama yupo.

Dukani rimu zimepangwa chini, moja juu ya nyingine, mpaka kiunoni. Akaniambia, "Kaka, nisikudanganye, za 100 hapa ni seti mbili tu. Hizi zote unazoziona ni 114, hazikufai." Hilo ndilo lililonimaliza. Niliona mtu anayetaka kuniibia hawezi kuanza kwa kuniambia mzigo wake karibu wote haunifai.

Akatoa seti moja ya kijivu kilichokoza, mikono kumi. Nikachukua futi yangu nikapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani. Kwa 5x100 inatakiwa itoke kama milimita 59, kwa 5x114.3 itoke 67. Ikatoka 59. Nikazipima zote nne. Nikazigeuza, nikaona muhuri wa JWL na wa VIA kwa nyuma, mihuri ya Kijapani ya rimu za aloi. Yeye akainyanyua moja kwa kidole kimoja, akaigonga na spana. "Sikia, kaka. Yenye ufa hailii hivi." Ikalia kama kengele ya shule. Akagonga ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zikalia.

Kisha akatoa chaki mfukoni akanipa. Sikuiomba. "Weka alama yako, kaka. Mjini hapa. Sitaki mtu wa nyumbani abadilishiwe mzigo halafu lawama nibebe mimi." Nikaandika herufi ya jina langu kwa ndani, rimu zote nne, kwa mkono wangu. Kila nikifumba macho usiku naiona ile chaki.

Matairi nayo nikayachagua moja moja, yaliyotumika kidogo, yana 3523 ubavuni, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2023. Nikayabonyeza, nikapitisha vidole kwenye mifereji. Safi kabisa.

Vijana wawili wakabeba rimu na matairi kwenda kwa fundi wa kuvalisha, yuko nyuma ya jengo. Nikainuka niwafuate. Nilishafika mlangoni, mguu mmoja uko nje. Winga akanishika bega, taratibu kabisa, "Kaka, malizana na mzee kwanza, mtandao wa lipa namba unasumbua tangu asubuhi, usije ukakwama." Nikarudi. Nilirudi mwenyewe kwa miguu yangu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya feni. Mzee mwenye duka, kanzu nyeupe, ndevu zimepakwa hina, akanifungulia soda ya tangawizi. Lipa namba ikagoma mara ya kwanza, ikagoma mara ya pili. Akanipa namba ya kawaida. Jina likaja la mwanamke. "Huyo ni mama watoto." Nikatuma. Risiti? Mashine imepelekwa kutengenezwa, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi. Rimu zangu za zamani na matairi yake walizichukua kwa laki tatu juu ya hiyo hela, maana nilisema nitaziweka wapi.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Mzee akasema, "Twende tukaswali, kijana wangu, gari liko mikononi mwa watu." Nimeswali na yule mzee safu moja, bega kwa bega. Wakati mimi nimesujudu, watu wake wanafunga kwenye gari langu vitu wanavyojua vitaua mtu. Hapa ndipo hasira inaponishika mpaka mikono inatetemeka.

Tuliporudi magurudumu yako tayari kwenye gari. Yanang'aa. Matairi yamepakwa dawa nyeusi, vifuniko vya katikati vimebandikwa. Nikauliza alama zangu ziko wapi. "Tumeziosha, kaka, uondoke na kitu kisafi." Nikaridhika na jibu hilo. Picha niliyowatumia siku ile mliipenda wote.

Ijumaa ndiyo tukaondoka. Usukani ulianza kutetemeka tulipovuka Maili Moja, nikifika 80 tu. Nikasema ni balansi, nitarekebisha Morogoro. Karibu na Mlandizi mlio ukaanza mbele kushoto, ta-ta-ta, unapotea, unarudi. Mama akasema, "Mwanangu, simama." Alhamdulillahi nilimsikiliza. Nati mbili nilizitoa kwa vidole. Stadi moja, ile skrubu inayoshika nati, imekatika. Gurudumu lilikuwa limebaki na nati mbili za kuaminika, na nyuma yetu malori yanakuja kama mnavyoijua Barabara ya Morogoro.

Fundi pancha wa pale, Mungu ambariki, alimkalisha mama kivulini kwanza. Kisha akaishusha rimu, akachukua tina na tambara akasugua nyuma. Rangi ilitoka kama masizi. Chini yake kila tundu lina umbo la yai lililojazwa kwa kuchomelea. Zilikuwa 5x114.3. Waliziba matundu ya asili na kutoboa mengine, kila moja limesogezwa ndani kama milimita 7. Mahali nati inapokaa pamepinda, ndiyo maana hata ukikaza inalegea yenyewe. Pale palipokuwa na maandishi ya kipimo pamesagwa na kupakwa rangi. Muhuri wa JWL ni wa kweli kabisa, lakini ulipigwa kabla mtu wa mjini hajaigusa rimu. Na tundu la katikati ni pana kuliko hab ya Allion, kile kitovu gurudumu linapokaa, ya milimita 54.1, wala hawakuweka ringi ya kujazia. Gurudumu zima lilikuwa linaning'inia kwenye zile stadi.

Tatu ziko hivyo. Moja tu, ya nyuma kulia, ndiyo niliyoipima. Waliiacha makusudi upande ule winga aliposimama kuniaga, akiigongagonga na kiatu.

Matairi sasa. Lile la nyuma kulia, 3523. Mengine matatu kwa nje hayana tarehe, maana tairi nyingi zina tarehe kamili upande mmoja tu, na upande huo waliugeuzia ndani. Tuliyavua tukasoma: 0812, 0812 na 4611. Yaani matairi ya 2011 na 2012 ndiyo niliyombebea mama. Moja mifereji yake imechongwa upya kwa kisu cha moto, na vile vinundu vya ndani vinavyoonyesha tairi limefika milimita 1.6 vimekatwa kabisa. Fundi aliingiza ncha ya bisibisi kwenye mfereji, akaniita nitazame. Nyuzi.

Mama nilimpandisha basi. Mimi nilibaki Mlandizi nahangaikia stadi na rimu za kuazima. Ndoa ya mdogo wangu imefungwa sipo. Nilisikiliza akidi kwenye simu nimekaa juu ya ndoo ya fundi pancha.

Jumamosi nikarudi Ilala na rimu zote kwenye buti. Mzee akanitazama usoni akasema hanijui. Nikamkumbusha tuliswali pamoja. Akasema anaswali na watu wengi. Winga? "Mawinga siyo wafanyakazi wangu, wanakaa nje huko." Kile kikaratasi hakina jina la duka wala muhuri. Ile namba ya mama watoto haipatikani. Rimu zangu za zamani, "zilishauzwa siku ileile". Nilipokuwa natoka, jirani wa duka la betri aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mimi si wa kwanza mwezi huu. Sasa kama si wa kwanza, kwa nini mnakaa kimya nyie mlioko pale? Mnakula nao?

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Swali la kwanza la askari lilikuwa risiti. Watu hawa wakikamatwa wasitozwe faini wakarudi dukani kesho yake. Wafungwe. Tatizo hapa si hela yangu, maana mtu anayechomelea rimu akaipaka rangi anajua itafungwa kwenye gari lenye abiria, anajua spidi ya barabara zetu. Hilo kwangu ni kujaribu kuua. TRA waende pale wakaulize hiyo mashine ya risiti iko kwa fundi gani. Tume ya Ushindani, ambao kazi yao ni kumlinda mlaji, waingie hadi yule fundi wa nyuma ya jengo, maana mchomeleaji ndiye mzizi. Serikali ya mtaa wanapita pale kila siku. Na yule mzee, kwa jinsi alivyolichafua jina la swala, adhabu yake nyingine namwachia Mwenyezi Mungu, lakini ya duniani naitaka kwa macho yangu.

Kwa mnaokwenda kununua wiki hii, maana nimeulizwa: rimu zisitoke machoni penu hata kama mtandao umegoma, hata kama ni swala, ondokeni na mzigo ndipo mswali. Alama pigeni kwa msumari, si chaki. Tairi lisomwe pande zote mbili kabla halijavalishwa. Nendeni na tina kidogo na tambara, sugueni kuzunguka matundu, mwenye rimu halali hatakukataza. Jina likija tofauti kwenye simu, usitume. Mengine nikitulia nitaandika.

Jumatatu saa tatu asubuhi narudi kituoni Ilala na zile rimu tatu. Kama nawe ulilizwa maeneo hayo, hata kama ni mwaka jana, hata kama huna risiti, njoo na rimu yako tuandikishe pamoja. Na mwenye kuziona rimu za Toyota inchi 15, seti ya rimu nne, moja ina mkwaruzo mrefu wa ukingo wa barabara unaokatiza mikono miwili, na ndani ya nyingine kuna kistika cha njano kimeanza kubanduka, hizo ni zangu. Nijulishe kabla hujamuuliza muuzaji bei.